Unga Ulionuka Olkaria

Majina ya watu wote walio katika habari hii ninayo. Ninayo na ya baba zao na ya watoto wao, na hata jina la yule mbuzi wa jirani aliyekufa kwa kula kamba ya nailoni. Shule niliiacha mapema, kabla matako hayajazoea benchi, kwa hiyo pengine pale ambapo wenzangu waliweka hesabu na jiografia, mimi niliweka watu. Lakini nilipowaambia wenzangu kwamba nataka kuandika mambo ya ule unga, kila mmoja alinijibu kwa wakati wake, kana kwamba walikuwa wamepatana: "Andika tu, lakini mimi usinitaje." Basi sitamtaja mtu. Nitasema jirani, mzee wa ng'ombe, mama wa duka, na wenyewe watajijua, halafu wagombane ni nani nimemsema vibaya.

Mambo yalianza na jogoo.

Ninaishi Karagita, karibu na mji wa Naivasha, katika nyumba ya mabati tuliyoijenga mimi na mume wangu, yeye akifanya kazi Olkaria kwenye mitambo ya mvuke, mimi nikifanya kazi kwenye mashamba ya maua. Mume wangu alishatangulia. Watoto wametawanyika. Siku hiyo jogoo wangu alikuwa ameingia kwenye bustani yangu ya sukuma wiki, nikamfukuza, nikateleza, nikakaa chini. Sikuanguka. Nilikaa, ila kwa haraka. Jirani yangu aliniona kutoka upande wa pili wa ua. Huyu tulifanya naye kazi ya maua miaka yote, anajua mambo yangu kuliko mimi. Badala ya kuja kuniinua, alitoa simu akampigia kijana wangu aliye Nakuru. Mimi bado niko chini, namsikia akisema, "Mama yako ameanguka, lakini anapumua, ninamwona." Jogoo akaendelea kula sukuma.

Kijana wangu alikuja Jumamosi, akakagua nyumba kama mtu anayetaka kuinunua. Akatikisa mlango. Akaangalia jiko. Akaangalia miguu yangu.

"Mum, huwezi kuendelea hivi. Unaishi peke yako."

"Peke yangu wapi?"

"Hapa. Ukiugua usiku nani atajua?"

"Jirani. Atakupigia simu kabla sijaugua."

Hakucheka. Alisema chumba changu kwake kiko tayari, gorofa ya nne, kina televisheni, na dirishani mtu anaona kreta ya Menengai yote. Nilimwambia Menengai nimeshaiona na sikumbuki tukiwa na jambo ambalo hatukumaliza. Nikamuuliza kuhusu kuku.

"Mum, fleti haina kuku."

Kwake nilishawahi kwenda. Nilikaa kwenye ile roshani nikisalimia watu wanaopita chini, na kwa kuwa hawakuinua macho, nilikuwa nasalimia vichwa. Kichwa hakijibu. Kisha jioni mke wake ananiuliza, "Umeshindaje, mum?" Na mimi nimeshinda nimekaa. Mtu aliyeshinda amekaa atasema nini?

Bahati yangu, wakati huo huo zahanati ilitangaza kwamba kuna mradi wa wazee. Walitaka wazee ambao bado wanatembea wenyewe, wajue wanazeekaje. Nikaona mlango wa kutokea. Nikamwambia kijana wangu, "Tufanye hivi. Hawa madaktari watanipima damu na mifupa na kila kitu. Wakimaliza, uje uwaulize mwenyewe. Wakisema mwili wangu uko sawa, ninabaki hapa. Wakisema umeharibika, ninakuja kwako na sitasema neno."

"Neno lolote?"

"Labda la kuku."

Alikubali. Huyu ni mtoto anayeamini vipimo. Alipokuwa mdogo alikuwa akipima mvua kwa kikombe.

*

Daktari wa mradi alikuwa kijana mwembamba kutoka Nakuru, mwenye adabu nyingi na kompyuta ndogo. Alituketisha nje ya zahanati, kwenye viti vya plastiki, akatueleza vizuri, na mpaka leo sina neno baya juu yake.

"Mwili unavuta hewa," alisema, "na hiyo hewa inayotupa uhai ndiyo hiyo inayotuchakaza polepole. Ni kama mabati. Mabati yakikaa sana nje yanafanya nini?"

"Yanashika kutu!" tukajibu kama watoto wa nasari.

"Basi. Mwili nao una kitu chake cha kuzuia kutu. Kinaitwa glutathioni. Ukiwa kijana unakitengeneza tele. Ukizeeka kinapungua. Sasa, kinatengenezwa kwa amino asidi. Hivyo ni vipande vidogo vya protini, kama vile vilivyomo kwenye maharagwe, samaki, mayai. Tunataka kujua, mzee akiongezewa hizo amino asidi, kinga yake ya kutu itapanda au haitapanda?"

Mzee wa ng'ombe aliinua fimbo. Huyu alichunga mifugo upande wa Hell's Gate maisha yake yote mpaka miguu ikamwambia aache. "Daktari, kama iko kwa mayai, si ulete mayai?"

"Mzee, yai lina vitu vingi. Tukikupa yai hatutajua ni nini ndani yake kimekusaidia."

"Mimi sina haja ya kujua. Nina haja ya yai."

Watu walicheka, na daktari naye alicheka, kisha akasema neno ambalo lilikuja kutuletea kazi. Alisema nusu yetu tutapewa ule unga wa amino asidi, na nusu tutapewa unga wa mchele tu, usiofanya kitu. "Na hamtajua nani amepata upi. Hata mimi sijui. Hata nesi hajui. Ni siri, na hiyo siri ndiyo nguzo ya kazi yetu yote. Ikivunjika, kazi imeanguka."

Jirani alininong'oneza kwa ile sauti yake inayosikika mpaka Kamere. "Daktari anatoa dawa asiyoijua?"

"Nyamaza, amesema ni nguzo."

"Na amesoma huyu?"

Mama wa duka ndiye aliyeuliza swali gumu kuliko yote. Ni mama wa Kihindi. Familia yake imeuza nguo mjini Naivasha tangu enzi za babu ya mume wake, na sare za shule za watoto wangu wote nilinunua kwake. Alisimama, akanyoosha sari, akasema, "Daktari, hii unga imetoka kwa mnyama gani?"

"Mnyama, mama?"

"Mimi sili nyama. Sili yai. Hata keki ya arusi sili kama sijui nani amepika. Damu chukua, hiyo ni yangu. Lakini unga lazima niambiwe."

Daktari hakujua. Alipiga simu kwa mtu, na yule mtu akapiga simu kwa mtu mwingine ng'ambo, na siku nyingine jibu likaja kwamba unga umetengenezwa kwenye matangi ya kiwanda, hakuna mnyama aliyeguswa. Mama wa duka alifikiri sana.

"Sawa," akasema. "Na hawa wafanyakazi wa hiyo kiwanda, chakula ya mchana wanakula wapi? Karibu na tangi?"

Daktari alipiga simu tena. Nadhani huko ng'ambo waliona Karagita ni mahali pa watu wakali sana.

*

Kabla ya kupewa unga tulipimwa. Kulikuwa na chuma cha kubana kwa mkono, chenye mshale wa kuonyesha nguvu. Nesi alimwambia jirani abane kwa nguvu zake zote, na jirani akalitamka jina la mwenye nyumba wake wa zamani, akabana, mshale ukaenda mpaka mwisho ukakataa kurudi.

Kisha tulitembezwa kati ya kanda mbili nyekundu zilizobandikwa sakafuni. "Tembeeni mwendo wenu wa kawaida," nesi alisema. Hakuna aliyetembea mwendo wa kawaida. Mama wa duka alipita kama anakimbilia wateja. Mimi nilitembea kama mtu asiyetaka kwenda Nakuru. Mzee wa ng'ombe alisimama kwenye kanda ya kwanza, akatazama mbele, akakataa.

"Tembea, guka," nesi alimwambia, yaani babu.

"Nifuate nini? Mimi nimetembea nyuma ya ng'ombe tangu niwe na meno. Hapa mbele hakuna kitu."

Ilibidi nesi mwenyewe atangulie, na mzee akamfuata, akimpigia mluzi kila alipoelekea ukutani.

Halafu kichwa. Mzee aliambiwa ataje wanyama wote anaoweza kuwakumbuka kabla saa haijalia. Akaanza kuwataja ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja, mama kabla ya ndama, waliokufa kabla ya walio hai. Saa ililia hajafika katikati ya zizi.

"Guka, hao wote ni ng'ombe," nesi alisema. "Nitaandika mnyama mmoja."

"Mmoja! Wewe ukinitajia ndugu zako, niseme umetaja mtu mmoja?"

Mimi nilipewa maneno machache ya kukumbuka: kikombe, barabara, ndizi, kengele, shati. Nesi alisema atanizungumzisha kidogo halafu aniulize tena. Nikayasema. Wiki iliyofuata nilipomkuta sokoni nikamsalimia, "Kikombe, barabara, ndizi, kengele, shati." Akaniita bibi kwa namna yao, akasema, "Shosho, hayo yalikuwa ya siku ile tu, unaweza kuyaachilia." Nitayaachiliaje? Nimeyaandika hapa na sijamuuliza mtu.

*

Paketi zilikuwa nyeupe zote, sura moja, zikitofautiana kwa herufi tu. Tuliambiwa kila asubuhi mtu akoroge yake kwenye maji au uji anywe. Nilifungua ya kwanza nyumbani. Unga laini, mweupe, hauna harufu. Nilikuwa bado nanusa nijue kama pua ndiyo imezeeka, jirani akaingia na paketi yake mkononi, amekunja uso.

"Nusa hii. Wamenipa imeoza."

Nilinusa, nikakaa chini. Safari hii kulikuwa na kiti.

Ilikuwa Olkaria. Kwa asiyejua, ule mvuke unaotoka chini ya ardhi kule unanuka yai lililosahauliwa. Mume wangu alirudi nao kwenye koti, kwenye kofia, kwenye nywele za masikio. Watoto walijua baba amefika kabla mlango haujafunguliwa. Miaka yote nilimpigia kelele juu ya hilo koti, kwamba litundikwe nje, si kwenye msumari wa mlangoni, kwamba linaharibu chai. Alipoaga dunia nililifua kwa sababu wageni walikuwa wanakuja, na lilipokauka likawa koti tu.

"Mbona umekaa?" jirani aliuliza. "Ni sumu?"

"Si sumu. Ni ile dawa yenyewe. Protini ikioza inanuka hivi, si daktari alisema mayai? Wewe ndiye umepewa. Mimi nimepewa unga wa mchele."

Na hapo hapo nikaiona ile gorofa ya nne ikinijia na ngazi zake zote. Kutu yangu itaendelea, ya jirani itasimama, daktari atampa kijana wangu habari mbaya, na jirani atabaki Karagita akichuma sukuma yangu.

Tulipokutana na wenzetu tukagundua hakuna aliyeridhika. Wenye paketi za kunuka walisema wamepewa zilizoharibika. Wenye paketi zisizonuka walisema wamepunjwa. Mzee wa ng'ombe, mwenye ya kunuka, alikuwa amempa mbwa wake anuse, na mbwa akaondoka nyumbani mpaka jioni. Mama wa duka, mwenye isiyonuka, alisema kama mwenzake anapata kitu na yeye anapata mchele, mchele anao dukani kwa mkwe wake, wa basmati.

Sasa nieleze desturi yetu, maana bila hiyo mtu atafikiri tulikuwa wakorofi.

Kwenye maua, saa ya chakula, hatukula kila mtu chake. Tulikuwa na sinia moja kubwa la bati. Mwenye githeri ya mahindi na maharagwe anamimina, mwenye ndengu anamimina, aliyekuja na ugali baridi bila mboga naye anatia haraka, na jirani anakoroga. Ukishakorogwa, ugali hauna mwenyewe. Hakuna aliyejua nani nyumbani kwake kulilala jiko baridi. Tuliita kuunganisha. Msimamizi mmoja aliwahi kutuuliza, "Leo nani ameleta nyama?" Tulimtazama kama ameuliza nani ameleta mvua.

Basi jirani akasema, "Tuunganishe."

"Na siri ya daktari?" niliuliza.

"Siri imeshaharibika, mwenzangu. Mimi najua yangu inanuka. Wewe unajua yako hainuki. Daktari alisema tusijue. Tukitia zote kwenye sufuria moja, nani atajua? Hata sisi hatutajua. Tutakuwa sawa na yeye."

Tulilichunguza hilo neno, na kila tulipoligeuza lilikuwa sawa. Nguzo ya kazi ilikuwa imeyumba na sisi ndio tungeishikilia. Mzee wa ng'ombe alisema hata maziwa ya zizi zima huenda kwenye kibuyu kimoja, na hakuna ng'ombe aliyewahi kulalamika. Mama wa duka alikubali kwa sharti.

"Sufuria ni yangu. Yenu imepika mifupa."

Kwa hiyo kila asubuhi mama wa duka alikuja kwangu kwa boda boda, amekaa upande, sufuria imefunikwa kwa kitambaa mapajani na kikombe chake cha chuma ndani yake. Nilipika uji wa wimbi. Paketi zote zikamiminwa, jirani akakoroga, tukanywa sawasawa. Tulitia ndimu, tulitia sukari, harufu haikuondoka. Uji ulinuka kama umepikwa juu ya tundu la ardhi. Wenzangu walifunga pua. Mimi sikufunga. Wakishaenda, nyumba ilikaa na ile harufu mpaka mchana, na mara mbili tatu nilijikuta nimefungua mdomo kusema hilo koti litundikwe nje.

Sikumwambia mtu. Wangempigia kijana wangu.

*

Katikati ya mradi daktari alianza kuja na uso wa mtu aliyepoteza funguo. Alichukua damu, akarudi akachukua tena. Akabadilisha mashine. Kisha wakaja watu wengine kutoka Nakuru wakachota maji yetu ya bomba, haya yanayotia meno rangi, wakayaweka kwenye chupa. Wakachukua wimbi langu. Wakachimba udongo kwenye sukuma wiki, jogoo amesimama kando anawatazama kama mwenye shamba.

"Mnatafuta nini?" nilimuuliza nesi.

"Shosho, hata sisi hatujui." Akashusha sauti. "Kwenye vituo vingine iko kawaida. Lakini wenye orodha ya siri wanasema Karagita hata waliopewa unga wa mchele wamepanda, ni nani na nani hawatuambii. Huko Nakuru wamekaa mkutano mzima juu ya mchele wetu."

Ningemwambia. Kweli ningemwambia, lakini jirani alinifinya, nikakumbuka nguzo.

Siku ya majibu ilifika. Tulikaa kwangu, kwa sababu zahanati ilikuwa na watoto wa chanjo. Kijana wangu alikuja asubuhi na pikapu ya kukodi, kamba na makartoni ya vyombo. Dereva hakuizima injini. Nilimuuliza mbona hajasubiri majibu.

"Mum, nimejitayarisha tu. Na kanisani kwetu wameshakutengea kiti, mbele, karibu na spika."

"Karibu na spika?"

"Wanafikiri husikii vizuri."

Nikaenda kuangalia sufuria. Zilikuwa paketi za mwisho.

Daktari alifika kwa gari la mradi, ambalo lilimshusha likaenda Gilgil kuchukua damu nyingine. Akafungua kompyuta kwenye magoti. Hakutusalimia mmoja mmoja kama kawaida yake.

"Wazee wangu," alisema, "nimefanya kazi hii na ninyi kwa moyo wote. Nimeangalia damu zenu mpaka nimeota. Waliopewa amino asidi, kinga imepanda kidogo. Waliopewa mchele, imepanda kidogo vile vile. Sawasawa! Hakuna tofauti hata ya kuweka sindano. Ni kama nimempima mtu mmoja mara nyingi. Naomba mniambie. Kuna kitu mnakula?"

"Uji," alisema mama wa duka.

"Uji gani?"

"Huu." Akamfunulia sufuria.

Harufu ikatoka. Daktari alikuwa kijana mwenye akili, hakuhitaji kuelezwa sana. Alitazama sufuria, akatazama zile paketi tupu juu ya meza, zenye kunuka na zisizonuka zimelala pamoja. Alishika kichwa.

"Mmechanganya?"

"Tumeunganisha," jirani alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Ulisema tusijue nani amepata ipi. Harufu ilikuwa inatuambia. Tukaiondoa."

"Hazikutakiwa kuwa na harufu tofauti," alisema daktari, kama anajiambia mwenyewe. "Zilitakiwa kufanana."

"Sasa zinafanana," mzee wa ng'ombe alimfariji.

"Lakini mama, kama kila mtu amekunywa kila kitu, mimi sina la kulinganisha! Nilikuwa nasema siri, siri..."

"Na tumeitunza," jirani alisema, sasa amekasirika kidogo. "Hata nesi hatukumwambia. Huyu mwenye nyumba ulimi ulikuwa unamwasha, nikamfinya."

Daktari alifunga kompyuta. Nesi alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatikisika, sikujua kama analia au anacheka. Mama wa duka alimmiminia daktari uji kwenye kikombe chake mwenyewe cha chuma, kitu ambacho sijawahi kumwona akimfanyia mtu.

Kijana wangu alikuwa amesimama mlangoni muda huo wote, funguo za nyumba yangu mkononi. Akajikohoza.

"Daktari, samahani. Mimi ni mtoto wa huyu mama. Hayo mambo ya mchele mtayamaliza. Mimi nilitaka kujua mama yangu, yeye mwenyewe. Damu yake, kutu yake. Yuko sawa au hayuko sawa? Kwa sababu anaishi peke yake."

Nilishika mkono wa kiti. Hapo ndipo palikuwa penyewe.

Daktari alimtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mazishi yake. "Ndugu yangu, kushika chuma anashika, kutembea anatembea, maneno anayasema hata asipoulizwa. Lakini kwa damu, siwezi kukuambia kitu juu ya mama yako peke yake. Umesikia nilivyosema? Hakuna peke yake hapa. Nimepima, nimerudia, nimebadilisha mashine. Hawa watu hawatengani!"

Alisema hivyo kwa uchungu, nami namwonea huruma mpaka leo. Lakini niliyapokea maneno hayo kwa mikono miwili.

"Umesikia," nilimwambia kijana wangu.

"Mum, hajasema uko sawa."

"Amesema amepima na hajaona peke yangu. Na mashine amebadilisha. Wewe si unaamini vipimo?"

"Hiyo siyo maana yake."

"Kijana," mzee wa ng'ombe alisema bila kuinua macho kutoka kwenye uji wake, "ukimtoa ng'ombe mmoja hapa, daktari ataanza kuhesabu upya. Muonee huruma. Angalia alivyo."

Jirani alimpa kijana wangu kikombe, kwa sababu desturi ni desturi, aliyefika sinia liko mezani hula. Aliinua, kisha kikombe kikasimama njiani. Akanusa. Akanitazama mimi, akatazama ule msumari nyuma ya mlango ambao hautundikwi kitu siku hizi.

"Mum."

"Mm."

"Hii si inanuka..."

"Kunywa kabla haijapoa."

Alikunywa amesimama, macho kwenye kikombe. Alipomaliza alimsogezea jirani, na jirani akamwongezea bila kumuuliza. Safari hii alikaa, kwenye kile kiti chenye mguu mmoja wa kuyumba, ambacho baba yake alikuwa akikalia kuvua viatu.

Nje mwenye pikapu alichoka kungoja, akapiga honi. "Boss! Tunabeba nini?"

Kijana wangu alienda mlangoni. Alinigeukia, akamtazama daktari, ambaye gari lake lilikuwa bado Gilgil na ambaye alikuwa anakwangua chini ya kikombe kwa kijiko.

"Beba daktari," alisema. "Na uzime hiyo injini kwanza, bado anakunywa."